Wote 29 wamepita, lakini walianza wangapi?

Swali limetoka kwa mama mmoja anayekaa mu mji mdogo kule kwenye barabara ya Kasenga, ukiisha kupita Kasomeno. Nimelifupisha kidogo:

"Mwalimu, jambo. Niko mu komite ya wazazi ya masomo ya Leta ya hapa kwetu. Direkteri ameandika kwenye mlango wa biro yake ENAFEP (ule mtihani wa Leta wa kumaliza primeri) 100%, watoto 29 kwa 29 wamepita, na siku ile tulicheza wote. Lakini mwaka uleule hesabu ya watoto imeshuka, tulikuwa 640 sasa tuko 520, wengine wameenda ku masomo ya prive ya kanisa, wengine hata hatujui wako wapi. Na mtoto wangu wa klasi ya nne, miaka 10, ukimpa kitabu anaangalia paka picha. Baba yake anasema tumtume Lubumbashi kwa shangazi yake. Masomo yetu ni nzuri ao ni mbaya? Na watoto wanatoka juu ya nini?"

Jambo sana mama. Barua yako nimeisoma mara tatu, na nitajibu kwa urefu juu maswali yako yamefungwa kwa kamba moja. Nimefanya inspeksyon miaka mingi mu hizi teritware, nimeona milango mingi yenye kuandikwa 100%, na nakuambia wazi: hiyo namba haikuambii kitu mpaka ujue wale 29 wametoka kwa wangapi.

Fanya hivi. Mwombe direkteri, kwa heshima, akufungulie rejista ya klasi ya kwanza ya mwaka 2019-2020. Siyo ya mwaka huu, hapana, hapo njo watu wengi wanakosea, wanachukua klasi ya kwanza ya leo wanailinganisha na klasi ya sita ya leo, na hao ni watoto tofauti kabisa. Waliopita ENAFEP mwisho wa 2024-2025, kama hawakudubla hata mara moja, walianza klasi ya kwanza 2019-2020. Chukua yale majina, moja moja, na mbele ya kila jina andika: huyu alifika ya sita, huyu iko bado klasi ya nne, huyu wazazi walihamia Likasi, huyu aliolewa, huyu iko anauza samaki na mama yake, huyu hakuna anayejua. Mji wenu ni mdogo, mko wawili watatu mu komite, mu siku mbili mtamaliza. Hiyo karatasi njo matokeo ya masomo yenu. Ukikuta walianza 40 na 29 wakafika kwa wakati, direkteri wenu mpatie mkono, amefanya kazi ngumu. Ukikuta walianza 120, basi siku ile mlichezea 29 na wale 91 hakuna aliyewauliza.

Tena usishangae ukikuta walianza wengi. Hicho kizazi cha 2019 kiko na historia yake. Konstitisyon ya 2006, artikle 43, inasema wazi kwamba primeri mu masomo ya Leta ni ya lazima na ni bure, lakini miaka 13 hiyo maneno ilibakia ku karatasi, wazazi ndio walilipa mwalimu, toka mwanzo wa miaka ya 90 wakati mshahara wa Leta ulikufa. Unakumbuka vizuri wewe mwenyewe, mtoto anarudi nyumbani saa tatu asubuhi juu wamemfukuza, anachukua jembe anafuata baba yake ku shamba, na kisha mwezi moja mtoto hana hamu tena ya kurudi. Sasa Septemba 2019 gratwite ikaanza kweli, na klasi ya kwanza ikajaa kwa siku moja: watoto wa miaka 6, lakini pia wa 8, wa 10, wa 11, wote waliokuwa wanangojea nyumbani. Klasi haikuongezeka, mwalimu ni uleule, tablo ni ileile. Kisha, Machi 2020, corona, masomo yote ya inchi yakafungwa. Wakarudi Oktoba. Desemba wakafunga tena, mpaka mwisho wa Februari 2021. Kisha kufika klasi ya tatu, mwanzo wa 2021-2022, walimu wa masomo mingi ya Kikatoliki wakaweka choki chini juu ya mishahara. Kwa hiyo mtoto huyo miaka yake miwili ya kwanza, ile ya kujifunza herufi, aliipata nusu nusu, mu klasi yenye watoto kupita kiasi. Mimi nikiona mtoto wa kizazi hicho anasoma vizuri, naheshimu sana mwalimu aliyemshika mkono.

Sasa kushuka kwa hesabu, 640 kufika 520. Mu komite mumeogopa, naelewa, na direkteri ameogopa kuwapita, juu Leta inalipa kufuata madarasa yenye kutambuliwa, klasi ikikosa watoto inaweza kufungwa na mwalimu wake anabakia bila kazi. Lakini kushuka si lazima iwe ugonjwa. Angalia kwanza imeshukia wapi. Kama imeshuka klasi ya kwanza tu, inaweza kuwa kitu cha kawaida kabisa: wale watoto wakubwa wa 2019 na 2020 walioingia pamoja na wadogo wamepita sasa, wamemaliza ao wameacha, na klasi ya kwanza inarudia kupokea paka watoto wa miaka 6 wa mji wenu, ile hesabu ya kila mwaka. Maji ya mvua yalijaza mto, sasa mto unarudi mu njia yake. Klasi ya kwanza yenye watoto 60 badala ya 140 ni habari nzuri, mama, hata kama hesabu ya jumla imeshuka!

Lakini kama imeshukia klasi ya pili, ya tatu na ya nne, hapo kuko na kitobo. Na mimi kwa kuona vile mtoto wako iko, nawaza kitobo kiko ku tatu.

Nieleze kwa nini, juu hapa njo roho ya jibu langu. Mtoto wa kwenu nyumbani anasema Kibemba. Kwenye umati na sokoni anasikia Kiswahili, lakini kile chetu cha Katanga. Anaingia klasi ya kwanza, mwalimu anamfundisha kusoma mu Kiswahili, hiyo njo programu inaomba, lugha ya taifa mu miaka miwili ya kwanza na Kifaransa kama somo la pembeni. Sawa. Kisha mlango unageuka: klasi ya tatu hesabu ni mu Kifaransa, syansi ni mu Kifaransa, kitabu ni cha Kifaransa. Mtoto aliyejua kusoma vizuri mu Kiswahili anavuka, kwa taabu lakini anavuka, juu kusoma ni ufundi mmoja, ukiisha kujua kuunga herufi mu lugha moja unaibeba ku ingine. Mtoto ambaye hakupata kusoma mu miaka ile miwili, sasa anaomba vitu viwili kwa mara moja, kujifunza kusoma na kujifunza lugha, na mwalimu wa klasi ya tatu hana tena saa ya kufundisha a e i o u, programu inamsukuma. Basi mtoto anajifunza kunyamaza. Anakopi tablo, maandishi yake mazuri hata, kaye safi, mzazi anafurahi. Halafu unampa kitabu, anaangalia picha. Benki ya Dunia ilihesabu 2022 kwamba mu Kongo watoto 97 kwa 100 wa miaka 10 hawawezi kusoma maneno mafupi na kuelewa. Kwa hiyo mtoto wako si mjinga, na mji wenu hauko peke yake.

Na ule anayenyamaza klasi ya tatu anadubla, ya nne anadubla tena, anakuwa na miaka 13 akikaa na wa miaka 9, anasikia haya, msichana zaidi, na siku moja anabakia nyumbani. Hakuna mtu alimfukuza.

Hapo sasa unaweza kuelewa 100% inatengenezwa namna gani, na sisemi kwamba direkteri wenu amefanya mubaya, simjui, nasema yale niliyoona mwenyewe fasi mingi. Kuko shule zinazochuja: klasi ya tano mwaka mzima wanaangalia nani ataharibisha matokeo, huyo wanamdublisha ao wanamwambia mzazi amtafutie fasi ingine, na klasi ya sita inabakia na wale wenye nguvu. Kisha ENAFEP yenyewe, ile tuliita zamani TENAFEP, ni karatasi ya kuchagua jibu, Kifaransa, hesabu na kultire jenerale, na mtoto aliyefundishwa miezi sita maswali ya miaka iliyopita anaweza kuchagua vizuri bila kusoma kurasa moja ya kitabu na kuelewa. Nimekwisha kumpa mtoto mwenye sertifika mkononi barua ya mjomba wake aisome, mu Kiswahili, akashindwa. Siku ile sikulala vizuri. Kwa hiyo ukipata asilimia ya kupita, uliza wakati moja na asilimia ya waliodubla klasi ya tano. Hizo mbili zinatembea pamoja.

Upande wa walimu, uliza kitu kimoja tu: wangapi wako na matrikile, ile namba ya mfanyakazi wa Leta, na wanalipwa, na wangapi ni NU, wale wapya wanaofundisha miaka bila Leta kuwalipa. Mu mji mdogo mara mingi ni nusu kwa nusu, ao kuzidi. Na utaona kitu kinachouma: direkteri anaweka mwalimu mwenye uzoefu klasi ya sita, juu ya ENAFEP, na ule NU kijana aliyemaliza humanite juzi anamweka klasi ya kwanza mbele ya watoto mia moja na kitu. Ni kinyume kabisa. Kama komite yenu inaweza kupata kitu kimoja tu mwaka huu, ipate hiki, mwalimu bora zaidi ashuke klasi ya kwanza ao ya pili. Direkteri atakataa mwanzoni, atasema matokeo ya sita yataanguka, na ni kweli yanaweza kuanguka kidogo mwaka wa kwanza. Mbaki hapohapo. Na yule NU, wazazi wa kwenu wanaweza kumsaidia na shamba, na mahindi, na siku ya kazi kwake, hiyo ni utu na inajulikana toka zamani. Lakini isigeuke feza ya kila mtoto, juu siku mtoto moja wa primeri amerudishwa nyumbani juu ya franka, mmerudi kule kabla ya 2019, na hiyo sheria hairuhusu.

Kitu kingine ambacho hesabu za Lubumbashi hazionyeshi: kalendari ya kwenu. Fungua rejista ya apeli uangalie miezi, si majina. Utaona wakati wa vinkubala, wale wadudu wa kula wa pori, mvua ikiisha kuanza klasi inabakia nusu, watoto wako pori na mama zao. Utaona tena kuanzia Aprili, mavuno ya mahindi. Na siku samaki ni wengi mu mto Luapula, vijana wa klasi ya tano na sita hawaonekani. Sisemi mzazi ni mubaya, vinkubala njo nguo ya mtoto na sabuni ya nyumba. Lakini mtoto wa klasi ya pili akikosa wiki tatu wakati wanajifunza kuunga silabi, anarudi na wenzake wako mbali, na hakuna mtu wa kumngojea. Zungumzeni na direkteri kwamba wiki hizo klasi ya kwanza na ya pili watoto wao hawaendi pori, wabaki hata na nyanya, wale wakubwa ndio waende siku za Samedi. Na wiki ya kurudi mwalimu arudilie, asikimbie na programu. Wazee wa Gécamines, ile kampani ya shaba, hapa Lubumbashi wanasimulia mpaka leo kwamba mtoto wa mfanyakazi akikosa shule, kampani ilijua na baba aliulizwa ku kazi. Nyinyi hamna kampani, lakini mko na komite na mji ambao kila mtu anajua mtoto wa kila mtu. Mama moja wa komite akipita nyumba ya mtoto aliyekosa siku tatu, asiseme kwa ukali, aulize tu, "mtoto iko?", hiyo inarudisha watoto kuliko tangazo lolote.

Ile prive ya kanisa sitaongea mingi. Nyingine ni nzuri, nyingine ni sebule ya mtu yenye mabenchi. Swali ni lilelile: ingia klasi ya pili, mwombe mtoto unayemchagua wewe, si yule mwalimu anakuonyesha, asome mistari mitatu. Wazazi wanakimbilia kule mara mingi juu klasi ni ndogo, watoto 35, na hawakosei kwa hilo. Lakini mwalimu wa kule naye analipwa na feza ya wazazi, mwezi ambao samaki inakosekana hata yeye anaondoka.

Sasa Lubumbashi. Mwambie baba mtoto hivi, kwa upole, na mwambie ni mimi nimesema: mtoto wa miaka 10 asiyejua kusoma ukimwingiza mu shule ya Katuba ao Ruashi ao kule Annexe, atakutana na klasi iliyojaa kama ya kwenu ao kuzidi, zamu ya asubuhi na zamu ya kisha midi, mwalimu asiyemjua jina, wenzake wanaojua Kifaransa kumpita yeye wakimcheka, na jioni shangazi iko na watoto wake na soko yake. Wale niliowaona wakifaulu kwa njia hiyo walikuwa wanajua kusoma tayari wakati walitoka kijijini. Wasiojua walipotea mara mbili. Kwa hiyo mimi nasema ngojeni. Mumpe mwaka moja wa kujifunza kusoma nyumbani kwenu, na kisha, akienda klasi ya saba, muongee tena juu ya Lubumbashi, juu pia gratwite inaishia primeri, kuanzia ya saba mtalipa popote mtakapokuwa, na heri mlipe kwa mtoto anayesoma.

Na usingojee shule. Leo jioni mpatie maneno mafupi mu Kiswahili, mistari mitano, uandike wewe mwenyewe na herufi kubwa: baba ameenda mtoni, amepata samaki nane, tatu ameuza, na kadhalika. Muulize amepata ngapi, amebakia na ngapi. Akisoma herufi moja moja bila kuunga, uanze na silabi, ba be bi bo bu, bila haya, miaka 10 si kuchelewa. Akisoma lakini hajibu, anapiga kelele bila kuelewa, basi uwe unamuuliza kila mstari umesema nini. Dakika 20 kila siku, kabla giza haijaingia kama hamna taa. Vitabu? Kitabu cha nyimbo cha kanisa kiko karibu kila nyumba, cha Kibemba ao cha Kiswahili, na uzuri wake ni kwamba mtoto tayari anajua wimbo kwa kichwa, kwa hiyo jicho lake linajifunza kufuata kile kinywa kinachojua. Afuate na kidole. Kibemba hakimharibu, watu wengi wanaogopa hapo bure, kinamfungua. Mwalimu wake pia mwombe kitu kimoja kidogo, amweke benchi la mbele na amsomeshe mstari mmoja kwa sauti kila siku. Mstari mmoja tu, juu mwalimu naye iko na watoto wengi.

Kisha uchukue watoto watano wa mtaa wako, wa klasi ya nne, uwape mistari ileile. Usiwaambie wazazi ni mtihani, fanya kama mchezo, na sahani ya mihogo ikiwepo ni vizuri zaidi. Wakishindwa wanne, nenda mu kikao cha komite na hiyo karatasi pamoja na ile ya majina ya 2019. Usianze na 100% ya direkteri, utamwaibisha mbele ya watu na atafunga rejista. Anza na klasi ya kwanza: wangapi ni wapya mwaka huu, wangapi wanadubla, mwalimu wao ni nani na analipwa ao halipwi. Direkteri mwenyewe, kama ni mtu wa kazi, atafurahi kwamba mwishowe mzazi moja ameuliza habari ya klasi ya kwanza, juu kila mwaka kutoka juu wanamuuliza paka ya sita.

Ukiisha kuhesabu majina, niandikie tena, mama. Niambie hasa wangapi walikuwa klasi ya pili na wangapi walifika ya tatu, wavulana mbali na wasichana mbali, na baba ya mtoto amesema nini. Na mtoto msalimie, mwambie mwalimu wa Lubumbashi anangojea barua ambayo ataandika yeye mwenyewe, hata kama ni mistari miwili.